Tanbihi ya Mstari wa Tisa

Nimechoka. Niseme hivyo mapema nisije nikajifanya msimulizi mchangamfu. Nimechoka na Bunge, nimechoka na wachungaji, nimechoka na mawakili wanaotembea na Biblia zilizobandikwa vikaratasi vya rangi. Zaidi ya wote nimechoka na sauti yangu mwenyewe, ambayo wiki ile ilirudiwa redioni asubuhi na jioni, ikisoma tanbihi fupi iliyomponza mdogo wangu.

Kazi yangu ni kuhakiki. Miaka thelathini na moja nimekaa katika ofisi inayotafsiri na kuchapa Biblia, chumba cha ghorofa ya pili chenye meza mbili zinazotazamana na feni inayopuliza upande mmoja tu, upande ambao si wangu. Kuhakiki kwetu ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika mswada na kusoma kwa sauti, mwenzake anashika ukurasa uliokwisha kupangwa na kuufuata kwa rula, mstari baada ya mstari. Msomaji hasomi maneno peke yake. Anasoma kila kilichopo: mkato, nukta, mabano yafunguke, mabano yafungwe. Na tanbihi zile za chini ya ukurasa anazisoma mpaka mwisho kabisa, kwa sababu makosa hupenda kujificha huko, mahali ambapo jicho limeshaanza kujinyoosha. Msomaji ni mimi. Ofisini wananiita Mama Nukta. Mwanzoni nilinuna, baadaye nikaona ni jina kama majina mengine.

Watu wakijua kazi yangu huniuliza swali moja: hivi kitabu hiki kinaaminika? Waulizaji ni wa aina mbili, na wote hawataki jibu. Wa kwanza wanataka niseme halijabadilika hata neno moja tangu liandikwe. Wa pili wanataka niwanong'oneze kwamba yote ni hadithi za watu waliokuwa wakisinzia. Mimi huwaambia kwamba kilinakiliwa kwa mkono, mara maelfu, na watu wenye njaa na migongo inayouma. Mnakili anafika mwisho wa mstari, anainua macho kuchovya kalamu, akirudi anaangukia mstari wa chini unaoishia na maneno yaleyale, basi sentensi nzima imekwenda na maji. Mimi mwenyewe niliwahi kuruka majina mawili katika orodha ya wajenzi wa ukuta wa Yerusalemu, na hakuna aliyekufa. Tofauti hizo ni nyingi, nyingi zake ni ndogo, na kwa kuwa nakala ni nyingi tunaweza kuona nani aliruka wapi. Naiamini Biblia kama ninavyomwamini mtu ninayeyajua makosa yake. Nikifika hapo muulizaji huwa ameshaanza kutazama simu.

Naishi na mdogo wangu. Ni wa mwisho kwa mama yetu, ananifuata kwa miaka minane, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni hadi mgongo ukapinda, angalau ndivyo ninavyomsimanga. Mumewe alimwacha akiwa na miaka thelathini na sita. Hakumfukuza, hakugombana naye. Alienda kazini mji mwingine akapata mke huko huko. Mdogo wangu akaja kwangu na masanduku mawili, kwa wiki moja tu, alisema. Hiyo wiki sasa ina miaka kumi na minne. Mahakama ilivunja ndoa zamani, hati anayo. Lakini ndoa yao ilifungwa kanisani, na sheria yetu inasema aliyefunga ndoa ya kidini hawezi kufunga nyingine kwa msajili wa serikali mpaka alete barua ya ruhusa kutoka dhehebu lake, na dhehebu lake halitoi barua mpaka yule bwana naye aweke sahihi. Mdogo wangu amemwandikia barua nne. Yule bwana hajajibu hata moja. Si mkorofi, ni mvivu tu, na nadhani uvivu wake umemtesa mdogo wangu kuliko ambavyo ukorofi ungemtesa.

Kwa nini anahitaji barua? Kwa sababu ya Fundi.

Fundi anatengeneza majokofu. Amefiwa na mke, ana miaka hamsini na tano, mikono yake inanuka sabuni ya kufulia kwa sababu huisugua mno kabla ya kuja kwetu. Anakuja kila Jumapili saa saba, anakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, na mlango lazima ubaki wazi. Anakula, anatengeneza kilichoharibika, na kama hakuna kilichoharibika anafungua kitu kizima na kukifunga tena. Saa kumi anaaga. Hajawahi kupitisha saa kumi, kwa miaka minne. Siku moja nilimtania kwamba majirani wanadhani tunamlipa kwa saa. Akacheka, halafu akasema kwa upole, "Shemeji, mimi nataka cheti kwanza. Siogopi watu. Nataka tu nikimwita mke wangu, liwe neno la kweli."

Sasa ukaja Bungeni muswada wa sheria ya ndoa. Kifungu cha kumi na nne kilikuwa kinaifuta ile barua. Mtu akiachika mahakamani, basi ameachika, aende kwa msajili na mtu wake. Mdogo wangu alikikata kile kifungu gazetini akakibandika kwa sumaku kwenye jokofu, na kila nilipochukua maji nilikisoma, pamoja na mikato yake.

Waliopinga kifungu hicho, wachungaji na watu wa makanisa, walikuja na waraka wao. Ukurasa wa kwanza kabisa waliandika msingi wa hoja yao: Mathayo sura ya kumi na tisa, mstari wa tisa, maneno ya mwisho, yale yanayosema anayemwoa mwanamke aliyeachwa anazini. Kama Biblia inasema hivyo, walisema, serikali haiwezi kumpa mzinifu cheti. Na chini yake, kwa herufi nene, wakaweka kwamba Biblia haijabadilika hata neno moja.

Hapo ndipo wakili aliponitafuta. Alikuwa wakili wa chama kinachotetea muswada, binti makini wa umri wa kuwa mwanangu, viatu vimepigwa kiwi. Alipanda ngazi zetu na Biblia yetu wenyewe mkononi, ile ya toleo la kusomea, akaweka kidole chini ya ukurasa.

"Hii tanbihi ni yenu, mama?"

"Ni yetu. Niliihakiki mimi."

Tanbihi ilisema kwamba nakala nyingine za kale hazina maneno hayo ya mwisho. Ni kweli. Katika baadhi ya nakala za zamani sana mstari unaishia kabla ya hapo. Wakili alinitazama kama mtu aliyeokota ufunguo.

"Basi wamejenga nyumba yao yote juu ya sentensi ambayo huenda haikuwepo," akasema. "Nataka uje mbele ya kamati, uisome hii kwa sauti. Basi."

"Mwanangu, maneno hayo hayo yapo kwenye Luka, na huko hayana utata. Tanbihi yenyewe inaelekeza huko."

"Najua. Lakini hawakuweka Luka kwenye waraka wao. Wameweka Mathayo. Wewe usome mpaka 'maneno haya', halafu ukae kimya. Yanayobaki niachie mimi."

Nilimwambia nitafikiri. Ukweli nilikuwa nimeshafikiri. Sikupenda kuiona kazi yangu ikikatwa nusu, kwa sababu najua mtu anavyoweza kusema uongo kwa kusimama mapema. Lakini pia nilijua nani anayenipikia, nani anayenitilia dawa ya macho asubuhi na jioni tangu macho yaanze kunisaliti, na nani anayejifanya hasikii redio kila wanapotaja kifungu cha kumi na nne.

Nilipomwambia mdogo wangu kwamba nimeitwa, hakuniomba kitu. Alichukua gauni langu la bluu akalipiga pasi. Baada ya chai akalichukua tena akalipiga pasi mara ya pili.

"Limenyooka hilo," nikamwambia. "Ukiendelea litakuwa karatasi."

"Dada, utasema nini?"

"Nitasoma kilichoandikwa."

"Chote?"

"Mpaka pale wakili aliponiambia."

Alishusha pumzi, akalining'iniza gauni mlangoni. Nami nikaapa moyoni kwamba nitasimama pale pale. Nataka hilo lieleweke. Niliingia kwenye kamati nikiwa nimeamua kusema nusu.

Chumba cha kamati kilikuwa na zulia lililochanika karibu na mlango, na kila aliyeingia alijikwaa kidogo kisha akajifanya hakujikwaa. Wabunge tisa, wawili wamelala. Upande mmoja wachungaji na kina mama wa kanisa, upande mwingine wanachama wa chama cha wakili. Walikuwa wamebishana tangu saa tatu, na hewa ilikuwa nzito kwa watu kutosikilizana. Mchungaji mmoja mwenye tai nyekundu alikuwa akieleza kwamba ukigusa herufi moja ya Biblia taifa litaanguka. Kijana wa upande wa pili akamjibu kwamba hakuna taifa linaloendeshwa na kitabu chenye makosa ya kunakili. Nilitaka kuwaomba wote wawili waje ofisini kwetu wiki moja tu, wasome orodha za ukoo kwa sauti pamoja na mikato yake, waone kama watabaki na nguvu za kupiga kelele.

Jina langu likaitwa, nikakaa mbele ya kipaza sauti. Wakili akaniuliza kazi yangu na miaka yangu. Akaniletea Biblia, imefunguliwa.

"Tafadhali isomee kamati tanbihi ya mstari wa tisa."

Nikavaa miwani. Nikaweka kidole chini ya mstari, kama ninavyofanya kila siku ya kazi, nikaanza kusoma.

"Nakala nyingine za kale hazina maneno haya nukta."

Kicheko kidogo kilipita chumbani kwa ajili ya ile nukta. Wakili alikuwa ameshainuka, mdomo umefunguka kusema. Na mimi nilikuwa nimefika pale nilipoapa kusimama, nilipajua, nilipaona. Lakini ile haikuwa nukta ya mwisho. Kidole kikasogea, na mdomo ukakifuata.

"Linganisha Luka kumi na sita nukta mbili kumi na nane nukta."

Basi. Hata sekunde tatu hazikutimia. Miaka thelathini na moja sijawahi kuacha tanbihi katikati. Ukiiacha, mwenzako mwenye rula anajua kuna kitu, anasimamisha kazi, mnarudia ukurasa mzima. Mdomo wangu haukujua kwamba pale hakuna mwenye rula.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mwangalifu ambaye muda wote nilidhani hasikilizi. Akavuta Biblia ya katibu wake, akalowesha kidole, akafungua.

"Luka kumi na sita, kumi na nane," akasema, akasoma kimya kwanza, halafu kwa sauti. Yalikuwa maneno yale yale ya mwanamke aliyeachwa. Akatazama chini ya ukurasa. "Na huku naona hakuna tanbihi. Sawa, mama?"

"Sawa, mheshimiwa."

"Kwa hiyo maneno yapo."

"Yapo, mheshimiwa. Lakini kuwepo kwake kwenye Biblia na kuwepo kwake kwenye sheria ya nchi ni mambo mawili. Mimi nahakiki kilichoandikwa. Kama kinamfunga mtu ambaye—"

"Asante, mama. Umejibu swali."

Wakili akakaa. Hakunikasirikia mbele za watu. Alikunja karatasi zake moja moja na kuzitia kwenye mkoba, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilipotoka, mchungaji mwenye tai nyekundu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu akubariki, mama. Walikuleta useme nusu, wewe ukasema kweli yote. Wachache wana ujasiri huo."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nimekuja kusema nusu, na kwamba ujasiri haukuhusika hata kidogo. Nikamwachia tu mkono wangu autikise. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kusifiwa kwa jambo zuri nililojitahidi kutolifanya.

Alhamisi kamati ilikiondoa kifungu cha kumi na nne. Sehemu iliyobaki ya muswada ilipita, na ni nzuri kwa mambo mengine, nasikia. Kifungu kitaweza kuletwa tena Bunge lijalo. Mdogo wangu alipiga hesabu kwa vidole akiwa amesimama mbele ya jokofu, akasema, "Nitakuwa na hamsini na sita, kama wataanza mapema." Akakibandua kile kipande cha gazeti, akarudisha sumaku peke yake.

Jumapili Fundi alikuja saa saba kama kawaida. Alikuwa ameshasikia. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, hata nilizitamani, lakini yeye alinisalimia vilevile, "Shikamoo shemeji," ingawa umri wetu unakaribiana, na akakaa kwenye kiti chake na mlango wazi. Akala. Akalaza jokofu letu akabadilisha mpira wa mlango ambao haukuwa mbovu sana. Walipozungumza walizungumza taratibu, na nilisikia akimwambia, "Basi tutasubiri," na mdogo wangu akijibu, "Mimi nimechoka kusubiri," na yeye akisema, "Najua, najua." Saa kumi ilipofika alichelewa kidogo kuinuka. Ilikuwa saa kumi na robo. Kisha akaaga akaenda zake.

Tukabaki na vyombo. Mdogo wangu anaosha, mimi nafuta.

"Dada, nikuulize. Ulikusudia?"

"Sikukusudia. Ni mazoea. Mdomo ulikwenda wenyewe."

"Mdomo wako."

"Miaka thelathini na moja, mama'ngu. Sijui hata kusoma kadi ya harusi bila kutaja mikato."

Alisugua sufuria muda mrefu, mahali pamoja.

"Ungesema ulikusudia ningekuelewa," akasema. "Ningesema dada yangu ana msimamo, hata kama umeniumiza. Watu wote wanasema hivyo, hata kule kanisani wananipa pole huku wanakusifu. Lakini mazoea? Nimekosa mume kwa sababu ya mazoea?"

Nikafuta tena sahani iliyokwisha kukauka. Akageuka, maji yanamchuruzika mikononi, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Niambie kitu kimoja tu. Ulitaka nibaki? Hapa, na wewe? Kama ndiyo, sema. Nipate angalau kitu cha kukasirikia chenye sura ya mtu."

Niliona anachokihitaji. Mtu hawezi kuikasirikia nukta. Nikaona kwamba nimemnyima mengi, na kwamba hili naweza kumpa, uongo mdogo wa huruma, uongo ambao pale kwenye kamati ulinishinda. Nikaweka sahani chini.

"Ndiyo," nikasema. "Sikutaka uondoke."

Nilidhani nadanganya. Lakini neno lilitoka laini, halikukwama popote, na lilipokwisha kutoka nikajua halikuwa uongo. Nikakumbuka kila Jumapili nilivyokuwa nikiitazama saa, nikingoja ifike kumi. Nikaona aibu mpaka masikio yakanichoma.

Mdogo wangu hakupiga kelele. Aliitikia kwa kichwa, mara mbili, kama aliyesomewa kitu akakikuta sawa. Akajifuta mikono kwenye gauni.

"Dada," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko yangu. "Fundi alishapaka rangi chumba chako. Kile cha nyuma, nyumbani kwake, chenye madirisha mawili, kwa ajili ya macho yako. Tangu mwaka juzi. Tulikuwa tunangoja siku ya cheti ndiyo tukwambie, maana tulijua ungekataa kuja nyumbani kwa watu ambao hawajaoana."

Akarudi kwenye sufuria. Nilibaki nimesimama nyuma yake na kitambaa mkononi, na nje majirani walikuwa wakiendelea na Jumapili yao.